Nikionja chumvi ya maharage, mfungo umevunjika?

MamaKarai (Kadutu, Bukavu), 24 Februari 2026, saa 3 usiku

Yesu asifiwe, wandugu. Mnisamehe uandishi wangu, kioo cha simu kimepasuka na vidole bado vina mafuta.

Mimi nauza mandazi na maharage pale soko la Kadutu, upande wa kushuka, tangu 2009. Naamka saa tisa na nusu usiku. Unga unakandwa jioni, alfajiri ni kukata, kukaanga, na kuchungulia chungu cha maharage kilicholala kwenye mbabula ya makaa. Ikifika saa kumi na mbili wapagazi wananikuta tayari, halafu wanafunzi. Kazi hiyo imelipa minervali, karo ya shule, ya watoto wanne, siidharau.

Kanisa letu limetangaza mfungo wa siku 21. Tulianza Jumatatu tarehe 16. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni hakuna kula, maji tu ndiyo yameruhusiwa. Lakini siku tatu za mwisho, Ijumaa tarehe 6 Machi hadi Jumapili tarehe 8, ni mfungo mkavu: hakuna chakula, hakuna maji, mchana na usiku, na watu walale kanisani. Nikaandikisha jina. Sababu ninayo. Mtoto wangu wa kwanza alishuka Fizi kutafuta dhahabu, na tangu Noeli simu yake haipatikani. Hapo sitaongeza neno.

Sasa sikilizeni. Leo ni siku ya tisa. Saa nne hivi nilikuwa kwenye chungu cha pili, kile cha watu wa mchana. Nikatia chumvi, nikakoroga, na mkono ukaenda wenyewe: mwiko, kiganja, ulimi. Nikameza. Wala sikujua kwamba nimemeza hadi niliposikia sauti nyuma yangu. Ni dada mmoja wa kikundi cha waombezi, alikuwa amekuja kununulia watoto wake. Akasema mbele ya wateja, na soko lile mnalijua, neno moja linashuka hadi chini kabla hujageuka: "Mama, umekula! Mfungo wako umetoboka. Rudi siku ya kwanza."

Nikirudi siku ya kwanza kesho, nitamaliza tarehe 17 Machi, peke yangu, wenzangu wakiwa wameshapiga shangwe zao. Nimehesabu kwa vidole.

Kilichoniuma zaidi niseme? Siku ya tano watu wawili wa kanisa hilohilo walikuja saa tano, wakapita nyuma ya shitingi yangu, lile turubai la bluu, wakala mandazi nne nne na kikombe cha maharage, wakafuta midomo wakaenda. Jioni mmoja wao ndiye aliyetuombea wakati wa kufungua. Sikumwambia mtu na sitawataja. Walilipa. Ila mimi niliyelamba kiganja ndiye nimetangazwa sokoni.

Maswali yangu ni haya. Kuonja ni kula? Mtu afanyeje ambaye kazi yake ni chakula? Nikiacha kuonja, wateja watakula maji ya bahari, na mwaka huu wateja wenyewe hawapo: Wakatoliki wameingia Kwaresima, Waislamu wameingia Ramadhani wiki hiyohiyo, sisi tuna siku 21. Kadutu nzima imefunga, na benki zilipofunga mwaka jana ndipo watu wa ofisi walipoacha kupita. Nacheka lakini si kicheko.

Na la pili linanikera kuliko chumvi. Siombi. Nafunga tu. Wenzangu wanakwenda saa sita kwenye chumba cha maombi, mimi saa sita nina karai ya mafuta yanayochemka na watu wanasema "Mama, nifungie za mia tano". Jioni nikipiga magoti nalala palepale. Binti yangu ameniamsha mara mbili kwenye sakafu. Basi huu ni mfungo, au ni njaa tu iliyopewa jina?

Na hizo siku tatu kavu zinanitia woga. Nina tansio, damu inapanda, nameza kidonge kila asubuhi, kile cha kukukimbiza chooni. Wameshatuambia dawa tuziache nyumbani siku hizo tatu, ni imani.

Nijibuni kwa upole, nimechoka.

---

Mlinzi_wa_Lango, 24 Februari, saa 3:40 usiku

Mama, ukweli haubembelezi. Kuonja ni kula. Hawa alikula kiasi gani? Hatukuambiwa alimaliza mti. Malkia Esta aliamuru siku tatu, usiku na mchana, wasile wala wasinywe, na taifa likaokoka. Hakusema "isipokuwa wenye kazi ya jikoni". Kama kazi inakuzuia, funga biashara siku 21, Mungu atakulisha. Anza upya na usione haya.

---

Katekista_Bagira, 24 Februari, saa 4:15 usiku

Mama Karai, pole kwanza. Mimi ni Mkatoliki, katekista tangu ujana, kwa hiyo naona toka ng'ambo ya ukuta, lakini chumvi ni moja.

Kwetu sheria ya mfungo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Siku za lazima kwa mwaka ni mbili: Jumatano ya Majivu, ambayo imepita juzi tarehe 18, na Ijumaa Kuu. Siku hizo unakula mlo mmoja kamili, na vidogo viwili ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo. Inamfunga aliyetimiza miaka 18 hadi aanze wa 60. Kuacha nyama kunaanza miaka 14. Mgonjwa hayumo. Kufunga kwingine kwa Kwaresima ni hiari ya mtu na moyo wake.

Lakini haikuwa hivyo zamani. Marehemu baba yangu alikuwa anatembea kutoka mlimani kwenda misa, saa tatu kwa miguu, na tangu saa sita ya usiku hajatia kitu mdomoni, hata maji, kwa sababu anakwenda kukomunika. Mvua ikinyesha njiani alikuwa anafunga mdomo, anaogopa tone lisiingie! Mwaka 1953 Papa Pius XII akasema maji hayavunji mfungo wa komunyo. Baadaye, mwaka 1964, muda ukashuka ukawa saa moja tu. Baba alisikia habari ile akakaa kimya, kisha akasema: "Basi ile mvua yote niliikataa bure." Tulicheka hadi leo. Lakini sidhani kama Mungu aliitupa ile miaka yake ya mdomo kufungwa. Sheria ilikuwa ya watu, upendo ulikuwa wake.

Huyo dada wa waombezi angesoma Mathayo 6. Bwana anasema ukifunga, nawa uso, jipake mafuta kichwani, watu wasijue. Wewe mafuta umeshajipaka, mama, kazi imekusaidia. Yeye kakuvua mbele ya soko.

Na shirika letu hapa Bagira tunaulizana jambo moja kila Kwaresima: chakula ambacho hukula, kimekwenda wapi? Kama kikombe cha uji kimebaki chunguni kwako, kimepata mdomo mwingine au kimeingia mfukoni? Isaya 58 haina maneno mengi hapo: mfungo anaoupenda ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Hilo sikuulizi wewe peke yako, najiuliza na mimi, maana mwaka jana niliacha bia siku 40 na pesa yake nikanunua redio.

---

MamaKarai, 24 Februari, saa 4:30 usiku

Papa Katekista, redio! Umenitoa machozi. Asante.

Mlinzi, nikifunga biashara siku 21, minervali ya mdogo utalipa wewe? Nauliza tu.

---

Zamu_ya_Usiku (muuguzi), 25 Februari, saa 8 usiku

Niko kazini, wagonjwa wamelala, nimesoma yote. Mama Karai, chumvi tuiache kando kidogo. Kidonge ndicho kimenikosesha usingizi.

Kidonge kinachokukimbiza chooni kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini ili tansio ishuke. Sasa weka pamoja: kidonge kinachotoa maji, siku tatu bila kunywa, na wewe umezoea kutoka jasho mbele ya moto. Ukikimeza bila kunywa utakauka na kizunguzungu kitakuangusha. Usipokimeza, tansio inaweza kupanda, na mtu hana kengele ya kumwambia imepanda. Njia zote mbili mbaya. Kabla ya tarehe 6 nenda ukapimwe, umwambie anayekutibu maneno hayahaya uliyoandika hapa. Usibadilishe dawa kwa sababu ya tangazo la kanisani, wala kwa sababu yangu mimi nisiyekuona.

Watu wanachanganya njaa na kiu kana kwamba ni mapacha. Ini lina akiba ya sukari inayotosha karibu siku moja, halafu mwili unaanza kula mafuta yake. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukosa chakula siku tatu, ataumwa kichwa, atakuwa mkali kwa watoto, lakini atasimama. Maji hayana ghala la namna hiyo. Unayapoteza kwa jasho, kwa mkojo, hata kwa kupumua ukiwa umekaa.

Nilishampokea mama mmoja, si hapa mjini, miaka ya nyuma, siku ya tatu ya mfungo kama huo. Waliomleta walimkalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili ili asianguke. Midomo imepasuka, mkojo rangi ya chai kali, na tulipouliza jina lake alitaja la mama yake. Tukamtundikia seromu. Alipofungua macho neno lake la kwanza likawa: "Dada, hii ya kwenye mshipa, imevunja mfungo?" Nilitoka nje nikalia, kisha nikarudi nikamwambia haijapita mdomoni. Sijui kama nilidanganya.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa za kila siku: hao wasianze mfungo mrefu kabla ya kuongea na anayewatibu. Na mtu akianza kutetemeka, jasho la baridi, maneno yanayumba, mpe sukari upesi. Msimzunguke mkikemea pepo.

Mimi ni mtu wa kanisa pia, nafunga Jumatano. Ninayempenda katika mambo haya ni Paulo ndani ya ile merikebu, Matendo 27. Watu wamekaa siku kumi na nne bila kula, bahari imechafuka, na yeye mtume, mwenye kujua kufunga kuliko wote mle ndani, anasimama kuwasihi wale, anawaambia ni kwa ajili ya kuokoka kwao. Halafu anatwaa mkate, anashukuru mbele yao, anaanza kula yeye. Nao wakachangamka.

Naitwa kwenye kitanda cha sita. Mama, ukifungua jioni, usianze na bugali na sombe. Uji mwepesi, ungoje kidogo, ndipo chakula.

---

Binti_wa_Kasongo, 25 Februari, saa 2 asubuhi

Salamu kwenu nyote. Mimi ni Mwislamu, watu wetu walitoka Maniema, nimezaliwa Bukavu. Naingia kwa heshima, si kwenye dini yenu bali kwenye chungu, maana swali hilo la Mama Karai kwetu limeulizwa mapema sana.

Mpishi aliyefunga, akihitaji kujua chumvi, anaweka kwenye ncha ya ulimi, anatema, anasukutua. Asimeze. Wanazuoni wengi wanaruhusu kukiwa na haja, na muuza chakula ana haja, haonji kwa uroho.

Halafu kuna hili, Mama, lichukue likutulize moyo. Mtume wetu alisema mtu aliyesahau kwamba amefunga, akala au akanywa, na atimize mfungo wake, kwa sababu Mungu ndiye aliyemlisha na kumnywesha. Nilipokuwa mtoto nilikuwa naomba nisahau! Mama yangu aliniambia ukiomba kusahau hujasahau.

Sisi tunafunga na kiu mwezi mzima, kuanzia alfajiri hadi jua lizame, ndiyo. Lakini usiku tunakunywa na kula, na kabla ya alfajiri tunaamka kula daku. Mgonjwa na msafiri wanaachiwa, watalipa siku nyingine, na mgonjwa asiyetarajia kupona analisha maskini. Kitabu chetu kinasema Mungu anawatakia wepesi, hawatakii uzito. Siku tatu mfululizo bila maji sisi hatuna.

Mandazi yako nakula, Mama Karai. Nadhani nakujua, una kitambaa cha manjano. Jioni kabla ya magharibi tunanunua, kwa hiyo usiseme Ramadhani imekufilisi.

---

Mlinzi_wa_Lango, 25 Februari, saa 3 asubuhi

Sasa tunaongozwa na kila mtu? Muuguzi anasema kunywa, katekista anasema bia, dada Mwislamu anasema tema. Biblia inasema nini? Danieli alifunga siku 21, na malaika akapenya.

---

Mama_Muhungu, 25 Februari, saa 7 mchana

Mwanangu Mlinzi, mimi ni mama mzee, nimeokoka nikiwa msichana, mume wangu alikuwa mchungaji, na miwani ninayo. Fungua Danieli 10, mstari wa 2 na wa 3. Majuma matatu, ndiyo, ndiko siku 21 zilikotoka. Lakini anasema hakula chakula kitamu, nyama na divai havikuingia kinywani mwake, wala hakujipaka mafuta. Hakusema hakula. Alikula vya kawaida, pengine mboga, kama alivyofanya akiwa kijana kule mwanzo wa kitabu, zile siku kumi. Viazi na mboga ya lengalenga bila mafuta, huo ni mfungo wa Danieli, na ukiufanya majuma matatu utajua kwamba umefunga.

Na Eliya? Watu wanahesabu zile siku 40 hadi Horebu na kuruka kilichotangulia. Malaika alimgusa mara mbili akamwambia ale, akakuta mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Alikula, akanywa, akalala, akala tena. Safari ilikuwa kubwa kuliko yeye. Mungu aliyemtuma njiani ndiye aliyempa kifungua kinywa, tena cha mtu wa biashara yako, Mama Karai. Makaa!

Sasa nije kwenye lile la pili, maana watu wote wamelirukia chumvi na lile la pili ndilo lenye uzito. Unasema huombi.

Mumeo wangu (nasema mume wangu, simu hii inanigeuzia maneno) alipokuwa hai tulikuwa na wageni kila siku na bomba lilikuwa likikauka wiki nzima. Nilikuwa nashuka na bidoni mbili hadi kwenye chemchemi, napanga foleni, napanda. Magoti ya kupiga nilikuwa sina, yalikuwa yamekwisha mlimani. Nikawa nalia kama wewe, mke wa mchungaji asiyeomba. Siku moja nikasoma habari za Nehemia. Mnajua kazi yake? Mnyweshaji wa mfalme. Anafunga na kulia kwa ajili ya Yerusalemu, na bado anakwenda kazini na kikombe cha divai mkononi. Kutoka mwezi wa Kisleu hadi Nisani, hiyo ni kama miezi minne, alikuwa na jambo lile moyoni na kazi mkononi. Halafu mfalme akamuuliza: unataka nini? Hapo Biblia inasema akamwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Katikati ya swali na jibu! Mfalme hangojei mtu apige magoti. Ile sala ilikuwa na urefu gani? Pumzi moja.

Nikaanza hivyo. Bidoni ya kulia ilikuwa ya mtoto wangu aliyekuwa mgonjwa, ya kushoto ya jirani aliyenitukana. Nikibadilisha mkono nabadilisha sala. Hiyo ya kushoto ilikuwa nzito zaidi, sijui kwa nini, maji yalikuwa sawa.

Wewe una karai. Kila unapomwaga mandazi mabichi, taja jina moja. Yakigeuka rangi, umemaliza. Usiongeze maneno. Na ile saa ya jioni unayolala kwenye sakafu, lala kitandani, mama. Anakuona.

---

Zamu_ya_Usiku, 25 Februari, saa 10 jioni

Nimeamka. Naunga mkono lengalenga, ila Mama Karai mwenye tansio asirundike chumvi ili kupata ladha. Nimemaliza.

---

MamaKarai, 28 Februari, saa 2 usiku

Wandugu, leo ni siku ya kumi na tatu, nimehesabu kumi na tatu na si ya nne. Nawapa ripoti.

Jumatano nilimweka binti yangu wa mwisho kwenye chungu cha pili, aonje yeye, ana miaka kumi na miwili na hajaandikishwa. Chumvi ikazidi. Mpagazi mmoja akaniuliza kama tumehamia ziwani. Alhamisi nikafanya ya dada wa Kasongo: ncha ya ulimi, natema, nasukutua. (Ndiyo, ni mimi wa kitambaa cha manjano. Njoo ujitambulishe, usinunue kimyakimya.) Imekaa vizuri. Hata dada wa waombezi aliniona natema akakosa la kusema, akanunua mandazi sita.

Ijumaa nilikwenda kupimwa. Tansio haikuwa nzuri. Yule aliyenipima hakunigombeza, aliuliza tu nasimama saa ngapi mbele ya moto, nikamwambia tisa, akaandika. Kidonge naendelea nacho, na maji, na zile siku tatu kavu amezikata kabisa. Nikachukua karatasi hiyo nikaenda kwa mchungaji. Nilikuwa natetemeka kuliko kwa daktari. Akaisoma, akanyamaza, akasema kumbe wapo watatu wengine waliokuja na karatasi kama hiyo, na kwamba lile neno la kuacha dawa si yeye aliyelisema, limesemwa na waliotangaza. Sijui. Lakini alisema siku hizo tatu wenye karatasi tutakula viazi na mboga bila mafuta, na Jumapili tutaingia pamoja na wengine. Yeye mwenyewe alisema maneno hayo, sikumfundisha. Tarehe 8 ni siku ya wanawake, kitenge nimeshapeleka kwa fundi, kwa hiyo afadhali nisiingie nikibebwa.

Karai ya kwanza ni ya mtoto wangu. Naimwaga natamka jina lake, mafuta yanapiga kelele, mtu hasikii. Ya pili nilikuwa nawapa wale wawili wa nyuma ya shitingi. Ilinichukua siku mbili kukubali. Bidoni ya kushoto, Mama Muhungu, nimeijua. Kikombe cha uji ninachoacha saa sita anapewa mtoto anayeokota chupa pale chini. Katekista, usinunue redio tena.

Sasa kaka Mlinzi. Nilikasirika na wewe, nikakusoma tena, nikasema acha nimsome huyo Esta wake. Nikasoma jana usiku, sura ya nne na ya tano, kwa taa ya simu. Esta anasema: mimi na wajakazi wangu tutafunga vilevile, siku tatu, usiku na mchana. Sawa, umesema kweli. Geuza ukurasa. Siku ya tatu anavaa nguo za kifalme, anasimama uani, mfalme anamnyoshea fimbo, anauliza wataka nini. Na Esta anajibu nini? Mfalme na Hamani waje leo kwenye karamu niliyomwandalia.

Leo. Karamu imeshaandaliwa. Karamu ya mfalme, mlinzi wangu wa lango, haipikwi kwa nusu saa. Mimi ninayepika maharage tu naamka saa tisa na nusu. Hiyo nyama ilichinjwa lini? Moto uliwashwa lini? Jikoni walikuwa nani kama si wajakazi wake, waliokuwa wamefunga pamoja naye?

Sasa niambie, kaka yangu. Nani alionja chumvi?

---

Mlinzi_wa_Lango, 28 Februari, saa 3:05 usiku

Nimesoma sura zote mbili. Hilo la karamu sikuwahi kuliona.

Labda waliipika kwa kukisia.

---

MamaKarai, 28 Februari, saa 3:20 usiku

Kwa mfalme? Hamani angekwisha siku hiyohiyo, kabla ya sura ya saba wanakomtundika.

Ukipita Kadutu uliza mwenye kitambaa cha manjano. Mandazi mbili ni zako bure. Baada ya saa kumi na mbili jioni, na si nyuma ya shitingi.

---

Katekista_Bagira, 28 Februari, saa 3:30 usiku

Mama, simu ya kijana ikiita utuandikie hata usiku wa manane.

---

MamaKarai, 28 Februari, saa 3:32 usiku

Nitaandika, papa. Usiku mwema, unga umeshaumuka.